Sekunde Kumi za King'ora

Jalada lilikuwa jembamba mno kwa kesi ya mtu kufa, na Inspekta hakupenda majalada membamba. Alilifungua juu ya boneti ya gari, nje ya geti la kiwanda cha misumari, akalisoma kwa mara ya tatu huku koplo wake akimalizia chai aliyotoka nayo kituoni ndani ya chupa.

Kituoni walimwita Rula. Haikuwa kwa ajili ya umbo lake, maana alikuwa mwanamke mfupi aliyejaa mwili, mwenye viatu bapa. Walimwita hivyo kwa sababu neno lisilopimika lilikuwa haliingii kwake. Ukimwambia mtu alisimama karibu, atakuuliza hatua ngapi. Ukimwambia punde si punde, atatazama saa. Wenzake walimcheka mchana kutwa, na kesi zikiwashinda walimpelekea yeye.

Kesi yenyewe ilisimulika kwa pumzi moja. Juzi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, fundi mkongwe wa kiwanda, mzee aliyejulikana kwa jina la Koleo, aliingia ndani ya pipa kubwa la chuma la kung'arishia misumari ili akwamue misumari iliyoganda. Pipa likawashwa akiwa humo. Alitolewa maiti. Aliyeliwasha ni mpwa wake, binti wa dada yake mwenyewe, ambaye mzee ndiye aliyemwombea kazi. Kanuni ya kiwanda ilikuwa fupi: kabla ya kuwasha pipa, piga king'ora sekunde kumi. Aliye ndani akikisikia, anatoka. Binti alisema alipiga. Mafundi watatu waliokuwa hapo walisema hakupiga. Mtu wa nne alisema alikisikia, lakini huyo alikuwa amevaa vikinga masikio, na sajini aliyeandika maelezo alipigia mstari maneno hayo kisha akaweka alama ya mshangao.

"Watatu kwa mmoja, afande," alisema koplo. "Hapo refa ameshapuliza filimbi."

"Na nani kaisikia?" Rula alifunga jalada. "Mkuu anataka binti afikishwe mahakamani kesho asubuhi. Mjomba anazikwa leo saa kumi. Binti ameomba jambo moja tu, amzike mjomba wake. Mjane amejibu kwamba muuaji hatagusa udongo wa mume wake. Sasa ni saa tatu na robo. Tuna saa sita na dakika arobaini na tano."

"Na tukikosa?"

"Tukikosa, binti anabaki mahabusu na mjomba wake anafukiwa. Kuzika hakurudiwi. Twende."

Ndani, kelele iliwapiga usoni. Mashine kumi na mbili zilikuwa zikimeza waya na kutema misumari, na sakafu ilitetemeka hadi magotini. Hakuna aliyezungumza kwa mdomo. Mafundi waliongea kwa mikono: vidole viwili mdomoni ni chai, ngumi juu ya kichwa ni meneja anakuja. Rula aliona ngumi tatu zikipanda vichwani, akageuka, na kweli meneja alikuwa anakuja, shati jeupe, tabasamu limetangulia.

Aliwapeleka ofisini, chumba chenye vioo viwili viwili na zulia. Mlango ulipofungwa, kelele ikabaki upande wa pili.

"Msiba mkubwa," alisema meneja. "Mzee yule alikuwa nguzo yetu. Lakini kanuni ni kanuni, na binti aliivunja."

"King'ora kina muda gani?"

"Kipya kabisa. Kina siku tisa. Nilikichagua mwenyewe. Zamani tulikuwa na honi ya lori, ya upepo, ikilia mtaa mzima unatikisika. Majirani wakalalamika. Hiki ni kidogo kama kikombe, lakini moto wake! Nilikijaribu Jumapili, nikaziba masikio mwenyewe."

"Jumapili mashine zinafanya kazi?"

"Jumapili tunafunga, afande."

Rula aliandika hilo. Mafundi walipotoka kwenda kunywa chai na mashine zikazimwa, aliomba kipigwe. Ulitoka mlio mwembamba na mkali, uliochoma kama sindano. Rula alikunja uso. Koplo alisema kinalia vizuri, akaendelea kukagua mfuniko wa chupa yake.

Pembeni ya pipa Rula alipima kwa hatua. Kutoka kwenye swichi ya king'ora hadi mahali aliposimama siku ile nyapara, mmoja wa wale mashahidi watatu, hatua sita. Wale mafundi wawili wengine, hatua nane na kumi na moja. Wa vikinga masikio, ambaye wenzake walimpa jina la Vikombe, hatua kumi na tisa. Kisha akatoka nje, akazunguka ukuta, akakuta ng'ambo ya uchochoro kibanda cha mshonaji, dirisha wazi, mama mmoja anatia uzi kwenye cherehani.

"Dada, juzi ulikuwepo hapa asubuhi?"

"Mimi nipo hapa kila siku, labda niwe nimekufa."

"Ulisikia chochote kiwandani?"

"Kile kifilimbi chao cha siku hizi. Afadhali ile honi, ilikuwa inaunguruma basi. Hiki kinaniingia kwenye meno. Juzi kililia, kirefu, kikanyamaza, pipa likaanza kuzunguka. Baadaye watu wakapiga mayowe." Aliacha uzi. "Ni kweli mzee wa watu amefia humo?"

"Saa ngapi?"

"Nilikuwa nasubiri mteja wa saa nne na nusu. Ilikuwa bado kidogo."

"Kidogo ni dakika ngapi?"

Mshonaji alimtazama kama anayetazama mgonjwa. "Kumi hivi."

Rula alimwachia koplo kazi ya kuandika maelezo yake, akasimama uchochoroni akihesabu hatua za kurudi. Hamsini na mbili, tena ukuta katikati. Mwanamke aliye hatua hamsini na mbili amesikia, na mwanamume aliye hatua sita hakusikia.

"Basi wale watatu wanadanganya," alisema koplo. "Wamekula njama. Nyapara ana mtoto wake anatafuta kazi, nimeshaambiwa getini. Binti akitoka, mtoto anaingia."

Ilikuwa nadharia nzuri, na Rula aliipenda kwa muda wa dakika tano. Alimwita nyapara, mzee mrefu mwenye mabega ya kubebea koili za waya na pamba chafu kwenye masikio yote mawili. Ilibidi aichomoe ili waongee.

"Mzee, king'ora kililia au hakikulia?"

"Eeh?"

Rula akarudia.

"Hakikulia. Nimesema hivyo na nitasema hivyo mbele ya hakimu." Alikuwa akitazama midomo yake. "Na siku moja kabla, binti alitishia. Nilikuwepo. Alimwambia mjomba wake, ipo siku utajuta kunidharau."

"Alidharauliwa kivipi?"

"Muulize yeye."

Alimuuliza, kituoni, kupitia nondo. Binti alikuwa amekaa chini, mikono imeshika magoti, sauti yake nyembamba na nyepesi, ya mtu aliyelia hadi akamaliza.

"Nilimwita mara tatu, afande. Kwenye chai, tumekaa meza moja. 'Mjomba, mjomba, mjomba.' Hakugeuka. Wenzangu wakacheka. Nikaona ameona aibu kuwa na mpwa wa kike kiwandani. Ndipo nikasema lile neno." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nilipiga king'ora. Nilihesabu hadi kumi kwa vidole. Hakutoka mtu, hakuita mtu, nikawasha. Naomba nimzike tu. Mengine mnifanye mnavyotaka."

"Mengine hatufanyi tunavyotaka," alisema Rula. "Tunafanya yanavyopimika."

Nyumba ya marehemu ilikuwa imejaa watu na mikeka. Mjane alikuwa mwanamke mkavu, mwenye kauli za kukata, na alimpokea Rula chumbani bila kumkaribisha kiti. Dirishani palikuwa na kiti kimoja cha mbao, na upande wake wa kulia, sawasawa na mahali pa sikio, redio juu ya stuli. Rula aligusa kitufe cha sauti. Kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho.

"Alipenda redio," alisema Rula.

"Alipenda redio kuliko watu. Hata majirani walichoka."

"Walikuwa wanaelewana, yeye na mpwa wake?"

"Yeye alikuwa haelewani na mtu! Miaka miwili mitatu hii mume wangu alibadilika. Simu inaita pembeni yake, anaangalia ukuta. Wajukuu wanamwita babu, babu, kimya. Mimi nikimsemesha, anatazama mlango. Lakini waje wanaume wenzake, wale wenye sauti kama ngoma, wanapiga soga hadi jioni. Nikajua ni jeuri ya uzee. Nilimwambia, sikio la kufa halisikii dawa. Hata hilo hakujibu." Alinyanyua kidole. "Lakini jeuri ya mume wangu naivumilia mimi. Haimpi mtoto ruhusa ya kumuua. Huyo msichana asikanyage hapa."

Rula alibaki amesimama kati ya kiti na redio. Wanaume anawajibu, wanawake na watoto hawajibu. Simu haiitiki. Alikumbuka pamba kwenye masikio ya nyapara, na macho yake juu ya midomo.

"Mama, saa kumi msifukie kabla sijafika."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nitakuwa nimepima."

Kiwandani alimtafuta Vikombe. Alimkuta amekaa peke yake juu ya debe, vikinga vyake vya plastiki nyekundu vinaning'inia shingoni kama vikombe viwili. Kiwanda kizima kilimcheka kwa ajili hiyo. Walisema anaogopa kelele kama mtoto anavyoogopa radi.

"Baba yangu alikuwa mfua vyuma," alisema. "Mwisho wake alikuwa hamsikii mama yangu hata akimpigia kelele. Walikaa nyumba moja kama wapangaji. Mimi nikaapa. Mwaka wa saba huu navivaa."

"Umevaa vikinga na ukasikia king'ora hatua kumi na tisa?"

"Nilisikia, nikageuka, nikamwona binti anahesabu kwa vidole. Najua hamniamini."

"Siamini wala sikatai. Kiwanda kiliwahi kuwapima masikio?"

"Mwaka juzi alikuja muuguzi na mashine. Meneja akatutangazia wote wazima. Watu wakashangilia, pamba zao masikioni."

Muuguzi wa kliniki ya masikio iliyowapima alipatikana baada ya simu tatu. Alikuja saa saba na nusu, mwanamke wa makamo, mdomo mwepesi, begi moja la vipimo na bahasha moja chini ya kwapa. Kabla ya kusalimia vizuri alishatoa kipima kelele, akakiweka usawa wa kichwa karibu na pipa, mashine zote zikiwa zinafanya kazi. Namba zilicheza, zikatulia. Alimwonyesha Rula: tisini na saba. Kisha akamvuta hadi stoo, wakafunga mlango.

"Desibeli themanini na tano," alisema, "mtu anaweza kufanya kazi saa nane bila kinga. Baada ya hapo, kila ukiongeza tatu, unagawa muda kwa mbili. Themanini na nane, saa nne. Tisini na moja, saa mbili. Tisini na nne, saa moja. Hapa ni tisini na saba."

"Nusu saa," alisema Rula. Hesabu ya namna hiyo aliielewa mara moja.

"Nusu saa kwa siku. Hawa wanakaa nane. Na ubaya wa hizo tatu, sikio halizioni. Kelele inakuwa mara mbili ya ilivyokuwa, wewe unaona imezidi kidogo tu. Mpaka sikio likwambie kelele imekuwa maradufu, imeshapanda desibeli kumi, umeshakwisha. Halafu wanasema wamezoea. Hakuna kuzoea kelele, afande. Kuna kupungukiwa."

"Wanapungukiwa nini kwanza?"

"Umeshaona uwanja wa mpira? Wakicheza siku moja, kesho majani yamesimama. Wakicheza kila siku, yanaanza kukauka golini, halafu kwingine. Ndani ya sikio kuna vinyweleo, vinakauka hivyohivyo, na goli lao ni sauti nyembamba. Filimbi, simu, ndege, sauti za wanawake na watoto. Sauti nene zinabaki hadi mwisho."

"Kwa hiyo honi ya lori?"

"Honi ya lori wangeisikia hata kwa kifua."

"Na hiki cha ukubwa wa kikombe?"

Muuguzi aliinua bahasha. Rula aliishika, akasoma juu tu, akaiweka kwapani mwake yeye. "Hii baadaye. Kwanza tuone kwa macho."

Aliandika kwenye karatasi raundi sita. Raundi ya kwanza, ya tatu, ya nne na ya sita, king'ora kipigwe. Ya pili na ya tano, muuguzi aweke tu mkono kwenye swichi asibonyeze. Karatasi akampa muuguzi peke yake. Pipa lilikaguliwa ndani, tupu, na mashine zote zikaendelea. Mafundi watatu na Vikombe walisimama palepale waliposimama juzi, migongo imeelekea swichi, wameachana vya kutosha ili mtu asimwone wa pembeni. Atakayesikia anyooshe mkono.

Rula mwenyewe alisimama kwanza bila kinga. Raundi ya kwanza alisikia kitu, hakuwa na hakika, kama uzi uliopotea kwenye nguo. Raundi ya tatu alivaa vikinga alivyokuja navyo muuguzi, akitarajia kimya. Kelele ilishuka, na ule mlio ukajitokeza wazi. Alivua, ukazama. Akavaa tena, ukarudi. Ilikuwa kama kukinga jua kwa kiganja ili umwone anayekuja.

Vikombe, masikio yamefunikwa, alinyoosha mkono mara nne. Ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya sita. Kwenye raundi mbili tupu alitulia kimya.

Fundi wa kwanza hakunyoosha kabisa. Wa pili hakunyoosha kabisa. Nyapara alinyoosha mkono mara moja, juu kabisa, kwa hakika zote. Raundi ya pili.

Rula alimgeukia koplo, aliyekuwa amesimama kwenye nguzo bila kazi. "Wewe ulisikia ngapi?" alimpigia kelele sikioni.

"Ngapi za nini?" alijibu koplo, ambaye kwa miaka kumi na minane alikuwa mwalimu wa kulenga shabaha, bunduki zikilia karibu na masikio yake. Kisha akaona sura ya bosi wake, na chupa ya chai akaiweka chini polepole.

Mashine zilizimwa. Kimya chenyewe kiliuma. Rula alimsogelea nyapara, akasimama mbele yake ili midomo yake ionekane.

"Mzee, raundi ya pili hapakuwa na kitu. Muuguzi alishika swichi tu."

Nyapara alitazama sakafu.

"Uliandikisha kwamba king'ora hakikulia. Sasa niambie vizuri. Hakikulia, au hukukisikia?"

"Nina miaka ishirini na tisa hapa."

"Sikuulizi miaka."

Mzee alichomoa pamba sikio moja, akaiviringisha kati ya vidole. "Tangu kile kidude kifungwe, sijakisikia hata mara moja. Nilikuwa namwangalia Vikombe. Akiinua kichwa, najua kimelia. Juzi nilikuwa nimempa mgongo. Ningesema, wangeniambia nimezeeka, nikapumzike nyumbani. Nina watoto bado wanakula."

"Mimi pia sijakisikia," alisema fundi wa kwanza.

Watu waligeuka.

"Nilidhani ni mimi peke yangu," alisema. "Namwangalia nyapara."

"Na mimi nakuangalia wewe," alisema wa pili, na kama isingekuwa msiba, wangecheka. Siku tisa nzima kiwanda kilikuwa kinaongozwa na masikio ya mtu mmoja, yule waliyekuwa wakimcheka.

"Na mzee Koleo?" aliuliza Rula. "Yeye alikuwa anamwangalia nani?"

"Sisi sote," alisema nyapara. "Alikuwa kama sisi. Tulifanana."

"Ndani ya pipa hamna mtu wa kumwangalia," alisema Rula.

Nyapara alikaa juu ya koili ya waya, mikono usoni. "Mficha maradhi," alisema, na methali hakuimaliza. "Nimemsingizia mtoto wa watu. Nipelekeni niandike upya."

Rula alipanda ngazi za ofisini mbili mbili, koplo nyuma yake, muuguzi nyuma ya koplo. Ilikuwa saa nane na dakika hamsini.

Meneja alisimama. "Mmemaliza?"

"Karibu." Rula aliweka bahasha mezani. "Hii ni nakala. Kliniki inasema asili ilikuja kwako miaka miwili iliyopita, ukasaini kitabu cha kupokelea. Mafundi ishirini na watatu walipimwa. Kumi na saba masikio yameharibika. Ukurasa wa mwisho umeandikwa kwa herufi kubwa: wapewe vikinga, na tahadhari yoyote iwe ya sauti nene au ya taa. Wewe ukawatangazia wote wazima."

"Zile ni karatasi za kitaalamu, afande, mimi si daktari..."

"Droo gani?"

"Samahani?"

"Ziko droo gani?"

Jicho la meneja lilikwenda kushoto kabla hajalizuia. Koplo, ambaye alikuwa na hasira mpya siku hiyo na alijua sababu yake, alifungua droo ya kushoto. Bahasha ilikuwa chini ya kalenda za zamani, imefunguliwa vizuri kwa kisu cha karatasi.

"Ningewaonyesha," alisema meneja, sauti imepungua, "kesho yake nisingebaki na fundi hata mmoja."

"Ukawafungia king'ora ambacho karatasi hii ilikwambia hawatakisikia. Ukakijaribu Jumapili, mashine zimezimwa, kwa masikio yako wewe unayekaa nyuma ya vioo viwili. Uko chini ya ulinzi. Koplo."

"Nimesikia, afande," alisema koplo, na akatoa pingu.

Simu kwa mkuu wa kituo ilichukua dakika nne. Tatu zilikuwa za mkuu kupinga. Ya nne Rula alimsomea maelezo mapya ya nyapara, ya mshonaji, na matokeo ya raundi sita.

"Mtoe," alisema mkuu.

Walifika msibani saa tisa na dakika arobaini. Jeneza lilikuwa sebuleni, limefunguliwa kwa ajili ya kuaga. Watu walipomwona binti nyuma ya Rula, minong'ono ilikatika, na mjane akasimama mlangoni mikono imeshika fremu pande zote mbili.

"Nilisema nini?"

"Mama, nipe dakika mbili," alisema Rula. "Zikiisha, utasema wewe."

Alimweleza palepale mlangoni, bila kupamba. Akampa karatasi yenye jina la mume wake. Mjane aliishika juu chini, hakuitazama.

"Hakusikia tangu lini?"

"Hiki kipimo ni cha miaka miwili. Pengine kabla yake."

"Hata simu?"

"Hata simu. Sauti nene alizisikia. Yako na za wajukuu zilikuwa zinampotea."

"Kwa hiyo hakuwa jeuri."

"Hakuwa jeuri, mama. Hata yeye sidhani kama alijua kiasi gani. Aliambiwa ni mzima."

Mjane aliachia fremu ya mlango. "Mwaka mzima huu," alisema, "nimekuwa namwekea chakula mezani naondoka. Sikumwita. Nilisema akitaka atakuja mwenyewe." Alitafuta mahali pa kuweka ile karatasi, akaikunja, akaitia kifuani. Alilia kwa muda, amesimama, na hakuna aliyethubutu kumgusa.

Kisha alimtazama binti. "Ulipiga?"

"Nilipiga, mama. Nilihesabu hadi kumi."

"Ulihesabu polepole?"

"Polepole, mama."

Mjane alimshika mkono, akampitisha katikati ya watu hadi kwenye jeneza. Binti alitaka kusimama upande wa kushoto, mama akamvuta, akamzungusha upande wa pili.

"Njoo huku. Huku ndiko alikokuwa anawekea redio. Muage. Na usinong'one."

Binti aliinama, akamwita mjomba wake mara tatu, kwa sauti kubwa, hadi watu waliokuwa nje wakanyamaza.